Mmea usiokufa unamnyima Dehbia usingizi

Saa kumi na moja alfajiri, kabla hajawasha jiko wala kugusa maji, Dehbia At Hamu anatoka uani, anasimama katikati ya bustani yake na kuvuta hewa kwa pua. Anageukia kusini, anavuta tena. Kisha anatulia kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi uliopikwa na mwingine.

"Leo bado," anasema. "Leo ni harufu ya miti ya tini tu."

Ndipo anapoinama kuanza kazi. Bustani yake ina ngazi tatu zilizojengwa kwa mawe, na kila ngazi imejaa trei za mbao. Katika trei hizo umetanda mmea mfupi, wenye majani manene yaliyojaa maji, mengine ya kijani, mengine ya samawati iliyochanganyika na kijivu. Ni sedamu. Dehbia hamwagilii kwanza. Anaondoa majani makavu, moja baada ya jingine, kwa ncha za kucha, na kuyatia katika ndoo ya bati yenye kifuniko.

"Jani kavu moja ni kiberiti," anaeleza bila kuinua kichwa. "Wenzangu wanaogopa moto mkubwa. Mimi naogopa jani."

Dehbia ana umri wa miaka hamsini na saba. Anaishi Tala Uzru, kijiji cha nyumba tisini hivi kilichojishikiza juu ya mgongo wa mlima katika nchi ya Wakabili, Aljeria. Mumewe, Lunas, alikuwa mwashi. Yeye alikuwa mchumaji wa zeituni wa msimu hadi miaka kumi na mmoja iliyopita, magoti yalipoanza kumkatalia kupanda na kushuka miteremko akiwa na kikapu.

Sedamu aliitoa katika ukuta wa nyumba ya mama yake, kijiji cha pili, ilikokuwa imejiotea yenyewe kati ya mawe. Watu wa huku huiita hayalamu, jina la Kiarabu lenye maana ya kitu kilicho hai ulimwenguni. Hulikuti limeandikwa mahali, lakini kila mtu analo mdomoni.

Kuitunza ni kazi ya subira, tena ya kujizuia mkono. Udongo wake Dehbia huuchanganya mwenyewe: mchanga wa mtoni, vigae vya paa vilivyopondwa, na samadi ya mbuzi kidogo mno, "kiasi cha chumvi katika chakula cha mgonjwa wa presha". Mwezi wa Agosti humwagilia mara moja kwa siku kumi, asubuhi, chini ya shina. Majani yakinywea kidogo, mmea una kiu. Yakilainika na kuwa kama tambi zilizoiva kupita kiasi, umeuzamisha.

"Wanaoiua wote wanaiua kwa mapenzi," anasema. "Wanaimwagia kila siku kama mtoto. Inaoza."

Ukitaka kuizalisha, unakata kitawi, kisha huendi nacho udongoni. Unakilaza kivulini siku tatu au nne, kwanza kidonda kikauke. Kitawi kilichopandwa na kidonda kibichi huoza kabla ya kutoa mzizi.

Trei moja anaiuza dinari mia tatu. Kuizungushia nyumba mkanda mzima wa hayalamu, upana wa hatua mbili, pamoja na kusafisha ardhi hadi ibaki kokoto tupu, ni kazi ya siku nne na ujira wa dinari elfu kumi na mbili. Machi na Aprili mwaka huu alizungushia nyumba kumi na tatu. Kabla ya ule moto alikuwa akiuza trei mbili tatu kwa mwezi, nyingi kwa ajili ya makaburi.

Ule moto ulikuja kiangazi cha miaka minne iliyopita, saa nane mchana, ukipanda kutoka bondeni na upepo wa shehili mgongoni mwake. Shehili ni upepo utokao jangwani, na ukivuma hata mate mdomoni huona haya kutoka. Siku ile ulikula mizeituni ambayo babu zao hawakumjua aliyeipanda. Ulikula nyumba saba. Lunas alirudi ndani kufungulia kondoo, akatoka na kifua ambacho hadi leo hakijapona.

Nyumba ya Dehbia ilibaki. Ukuta wa upande wa upepo ulikuwa umefunikwa wote na hayalamu. Iliyokuwa nje ilikuwa imechemka, anakumbuka, imelainika kama maharage yaliyosahauliwa jikoni. Iliyokuwa upande wa ndani ilikuwa kijani kabisa. Watu walikuja kuugusa ukuta ule kwa viganja.

"Wakasema, Dehbia kaokolewa na hayalamu. Na mimi nikanyamaza."

Anainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi.

"Lunas alikuwa hospitalini. Nilihitaji kuuza. Sikuwaambia kwamba asubuhi ile nilikuwa nimefagia ua wote, nimehamisha kuni, nimeng'oa kila unyasi. Sikuwaambia kwamba upepo uligeuka wenyewe dakika ya mwisho. Ungewauzia vipi upepo?"

Hayalamu haizuii moto. Huo ndio ukweli wake, na sasa anausema kwa kila anayefika. Majani yake yana maji, kwa hiyo huchelewa kushika, na mahali inapoota pakiwa safi, cheche huanguka na kufa. Basi. Ikizungukwa na uchafu mkavu huiva kama mboga nyingine yoyote. Lakini katika kijiji hiki kulikuwa na msemo wa zamani kuliko yeye: mlango wenye hayalamu, mauti hupita bila kubisha. Msemo ulikuwa umesinzia. Ukuta wake uliuamsha.

Hofu anayoishi nayo ina jina, na jina hilo ni Megduda.

Nna Megduda, kama wadogo wote wanavyomwita mwanamke aliyewazidi umri, ana miaka themanini na mmoja. Anaishi peke yake katika nyumba ya juu kuliko zote, mahali njia inapokoma na gari haliwezi kufika. Mwaka jana alinunua trei kumi na mbili kwa mpigo. Dehbia aliipanda hayalamu ile kandokando ya ukuta, juu ya ukingo wa paa, na pande zote mbili za kizingiti.

Mwezi wa Juni alipanda kwenda kuitazama. Alichokikuta kilimfanya akae chini. Juu ya mimea yote, kizingitini na ukutani, ajuza alikuwa ametandaza kangaga, majani ya mwituni yaliyokauka, nene kama godoro.

"Mama, hii nini?" aliuliza Dehbia.

"Kivuli. Jua la mwaka huu halina adabu."

"Umeitandikia kuni!"

"Kuni gani? Nimeivika shela. Bi harusi haachwi juani."

Dehbia aliiondoa kangaga yote kwa mikono, huku ajuza akimfuata nyuma na kumwita mchawi wa maharusi. Walipomaliza, Dehbia alimuuliza jambo ambalo angependa asingeliuliza. Mokran, mwenyekiti wa kamati ya kijiji, alikuwa amepitisha agizo kwamba kipaza sauti kikilia, watu wote washuke uwanja wa mpira, ulio wa kokoto tupu kando ya barabara ya lami. Je, alikuwa amelisikia?

"Nimelisikia. Mwambie Mokran ashuke yeye na kitambi chake, moto ukimpata utawaka siku tatu kwa mafuta. Mimi nina hayalamu."

"Mama, hayalamu si ukuta."

"Mwanangu, biashara yako usiitukane mbele ya mteja."

Tangu siku hiyo, anasema Dehbia, hakuna usiku aliolala moja kwa moja. Alikuwa amempandia mwanamke mzee mmea, na mmea ule ukawa umempandia kiti cha kungojea moto. Na Megduda hakuwa peke yake. Dehbia alipita nyumba kwa nyumba, akauliza swali lile lile, na katika nyumba sita alijibiwa jibu lile lile, tena kwa tabasamu.

Shehili ilikuja Jumanne ya pili ya Agosti.

Asubuhi hiyo Dehbia alitoka uani, akavuta hewa, akaenda moja kwa moja kwenye mapipa. Maji ya bomba huja kijijini mara moja kwa siku nne, na alikuwa amebakiwa na mapipa mawili. Moja aliimwagia mimea ya upande wa kusini, ijaze majani. La pili alilifunika kwa ajili ya Lunas, ambaye tayari alikuwa ameanza kukohoa.

Saa nne kipaza sauti kililia. Moshi ulikuwa umeonekana nyuma ya kilima cha pili. Mokran alileta pikapu yake hadi mlangoni, akampakia Lunas mbele, akawapanga majirani nyuma kama magunia ya ngano. Dehbia alifunga mlango, akachukua mkasi wake wa kupogolea, na akaanza kuelekea juu.

"Dehbia!" Lunas alitoa kichwa dirishani. "Barabara iko huku chini!"

"Najua iliko."

"Sasa mbona unapanda?"

"Kuna mteja sijamweleza matumizi."

"Miaka thelathini na tano nimemwoa," Lunas alimwambia Mokran, na wote wawili wanakiri kwamba sauti yake haikuwa ya mzaha, "na hata siku moja hajawahi kushuka nilipomwambia ashuke."

Megduda alikuwa ameketi kizingitini, sahani ya tini na mafuta ya zeituni magotini. Chini ya dirisha lake la mbao kulikuwa na rundo linalofika kiunoni. Ilikuwa ile ile kangaga ya Juni. Hakuitupa. Alikuwa ameihifadhi kwa ajili ya matandiko ya mbuzi.

Dehbia hakumsalimu. Alilikumbatia rundo mara ya kwanza, ya pili, ya tano, akilipeleka ng'ambo ya ua, kwenye sakafu ya mawe ambayo zamani ilikuwa ya kupuria ngano. Ajuza aliendelea kula.

"Karibu tini," alisema hatimaye.

"Mama, inuka twende. Moshi uko nyuma ya kilima."

"Moshi haujaanza leo. Wewe si ndiye uliyeniuzia hii? Au ulinidanganya?"

Dehbia alijipangusa vumbi la kangaga mikononi. Angeweza kunyamaza tena.

"Nilikudanganya," alijibu. "Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu nilikuuzia."

Megduda alitafuna tini hadi ikaisha. "Basi nirudishie dinari zangu."

"Nitakurudishia uwanjani."

"Tazama! Ujanja wa wafanyabiashara." Alijifuta mafuta vidoleni. "Nyumba hii niliingia nikiwa na miaka kumi na sita. Nimezaa humu wanne, wawili nimewatolea mlango huu kwenda kuwazika. Hayalamu haiondoki mlangoni. Nami siondoki."

Upepo ulikuwa umeanza kuleta vipande vyeusi vya majivu, vyepesi kama mbawa za kumbikumbi. Kimoja kilitua juu ya tini. Megduda alikipuliza, kikaenda.

Dehbia aliinama kizingitini, akashika shina nene la hayalamu, na kulivunja. Hakutumia mkasi. Lilitoa mlio mdogo wa kitu chenye maji.

"Umeivunja!" ajuza alipaza sauti. "Mlangoni pangu!"

"Nimeivunja. Imekufa?"

"Haifi hiyo, wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

"Kwa nini haifi?"

Megduda alikitazama kidonda kibichi cha shina.

"Haifi kwa sababu inavunjika ikaenda," alisema Dehbia. "Mama yake hii niliitoa ukutani kwa mama yangu. Ukuta ule haupo. Nyumba ile haipo, mama yangu hayupo. Yenyewe ipo, imekaa mlangoni pako. Ingekuwa ya kukaa kama wewe, ingekuwa imekwisha zamani."

Alikitia kitawi katika kiganja cha ajuza na kuvikunja vidole vyake juu yake. Dehbia hajui ni muda gani ulipita. Anakumbuka tu kwamba alikuwa akihesabu vipande vyeusi vilivyotua uani, na vilipofika kumi na moja alijiambia kwamba kikitua cha ishirini atambeba kwa nguvu.

"Nitafutie kopo," alisema Megduda.

Walilipata kopo tupu la kahawa. Ajuza akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, kama aendaye harusini, akamfungulia mbuzi kamba, kisha akatoa ufunguo mrefu kama kijiko na kuanza kufunga mlango.

"Mama, acha mlango!"

"Siachi. Moto si mgeni wa kuachiwa mlango wazi."

Mbuzi alitangulia bila kuonyeshwa njia. Wao walishuka kwa dakika arobaini na moja. Sehemu mbili za njia zilikuwa zimezibwa na miiba, na mahali pamoja Dehbia alimbeba mgongoni, kopo likimgonga sikio kila hatua.

Uwanjani Mokran alikuwa akisoma majina ya nyumba kwa kipaza sauti. Alipofika jina la Megduda kulikuwa kimya. Alilisoma tena. Lunas, aliyekuwa ameketi juu ya jiwe na kitambaa kilicholoweshwa mdomoni, alisimama. Mokran alilisoma kwa mara ya tatu, na sauti yake ikapasuka.

"Usinipigie kelele!" ilijibu sauti kutoka nyuma ya ukuta wa uwanja. "Mimi si kiziwi!"

Watu zaidi ya mia tatu walikaa juu ya kokoto zile. Kutoka hapo waliuona moto ukivuka kilima. Mokran alitazama saa yake, akatazama tena moto ulipofika kwenye nyumba ya Megduda, hadi kwenye ile sakafu ya kupuria. Kutoka kilimani hadi mlangoni pake, dakika ishirini na nane. Baadaye moshi ulifunika kila kitu, na hakuna aliyeona zaidi. Zimamoto walifika alasiri. Upande wa juu wa kijiji nyumba mbili ziliteketea, pamoja na mizeituni ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuihesabu. Hakuna aliyekufa.

Alhamisi waliruhusiwa kurudi. Nusu ya kijiji ilipanda hadi nyumba ya Megduda kuona kilichobaki.

Kila kitu kilikuwa kimebaki. Ukuta ulikuwa mweusi upande mmoja, lakini paa lilikuwa zima, dirisha zima, mlango umefungwa kama ulivyoachwa. Hayalamu ya ukingo wa paa ilikuwa imesinyaa, ila ilikuwa hai. Megduda alifungua kufuli, akaingia, akatoka na sahani yake ya tini.

"Mmeona?" aliwaambia watu. "Ningekaa, ningemaliza tini zangu kwa raha zangu. Badala yake nimebebwa mgongoni kama gunia la mkaa."

Watu walicheka, kwa kicheko cha watu waliookoka. Mmoja akaigusa hayalamu kwa kiganja, kama walivyougusa ukuta wa Dehbia miaka minne iliyopita. Kabla ya jua kuzama nyumba tatu zilikuwa zimekwenda kwa Dehbia kuagiza.

"Niliyaandika maagizo yao," anasema. "Niliogopa kuliko Jumanne. Jumanne niliogopa moto. Alhamisi niliogopa kicheko. Nilijua mwakani hashuki. Na wale sita hawashuki. Sasa watakuwa kumi."

Watu walipotawanyika, alimshika ajuza mkono na kumpeleka ng'ambo ya ua. Juu ya sakafu ya kupuria palikuwa na duara jeusi, na mawe yaliyokuwa chini yake yalikuwa yamepasuka.

"Hili ni nini, mama?"

"Jivu."

"Jivu la nini?"

"La kangaga yangu."

"Jumanne asubuhi ilikuwa wapi?"

Megduda aligeuka. Alilitazama dirisha, kisha akalitazama duara. Alianza kutembea kutoka duara hadi dirishani, polepole, akihesabu hatua kwa midomo bila kutoa sauti. Zilikuwa kumi na nane. Alipofika aliweka kiganja juu ya ubao wa dirisha na kukiacha hapo.

"Ni la mbao," alisema kwa sauti ndogo. Hakuzungumzia tena tini.

Lakini mtu mmoja kulitazama duara si kijiji kizima kulitazama. Jioni hiyo Mokran alikuja kunywa kahawa kwa Lunas akiwa amekata tamaa.

"Mimi na kipaza sauti changu tumeshindwa na jani," alisema. "Dada Dehbia, ing'oe yote. Iteketeze mwenyewe."

"Ukiing'oa watasema umewaletea mauti mlangoni."

"Sasa tufanye nini?"

Dehbia alikuwa akilitazama kopo la kahawa, ambalo Megduda alikuwa amelisahau kwake, au kwa maneno ya Megduda mwenyewe, alikuwa amelilaza kwa daktari. Kitawi kilikuwa kimelala kivulini tangu Jumanne. Kidonda chake kilikuwa kimeanza kukauka vizuri.

"Hawanifuati mimi," alisema. "Hawakufuati wewe. Wanafuata hayalamu. Basi tuiweke pale tunapotaka wao wawe."

Hiyo ndiyo kazi anayoifanya sasa. Kuzunguka uwanja wa mpira, ndani ya mstari wa mawe, Dehbia anachimba mtaro mwembamba na kuujaza mchanga na vigae vilivyopondwa. Kila nyumba inatakiwa kuvunja kitawi kizingitini pake, au kukiomba kwa jirani ikiwa haina, kukikausha, na kukileta kukipanda kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya jiwe lililoandikwa jina la nyumba hiyo kwa rangi nyeupe. Kipaza sauti kikilia, kila mtu ana mahali pake, na mmea wake unamngoja hapo.

Nyumba isiyo na kitawi uwanjani, Dehbia haiuzii hata trei moja. Kati ya wale wateja watatu wa Alhamisi, mmoja amekwisha kurudishwa mikono mitupu, akaondoka akinung'unika kwamba siku hizi hata majani yana masharti.

"Na wachezaji wakiikanyaga?" Mokran aliuliza.

"Ikikanyagwa inavunjika. Ikivunjika inazidi."

Wa kwanza kupanda alikuwa Megduda, siku ya Jumamosi asubuhi. Alipiga magoti juu ya kokoto, akakataa kusaidiwa, akakishindilia kitawi kwa kidole gumba.

"Nikimwagie maji?"

"Ngoja wiki."

"Wiki nzima? Kitakufa!"

"Hakifi."

"Ndivyo ulivyosema uliponidanganya," alijibu ajuza, na kwa mara ya kwanza tangu Juni Dehbia alicheka naye.

Mpaka sasa mawe yaliyoandikwa ni thelathini na nne. Katika zile nyumba sita, nne zimeleta vitawi. Mbili bado. Mvua za kwanza hazitarajiwi kabla ya mwisho wa Septemba, na shehili haina kalenda. Dehbia hajalala vizuri bado. Anataka mawe yafike tisini kabla upepo haujarudi.

Kuna jambo jingine analolitaka, na hili hajamwambia Mokran wala Megduda.

Saa moja asubuhi, Dehbia amesimama ukingoni mwa uwanja, saa ya mkononi ya Lunas katika kiganja chake. Macho yake yako juu, pale njia inapoanzia. Juzi na jana alikuwa katika njia hiyo na panga, akifyeka miiba na kusawazisha mawe. Kwa mbali inaonekana fimbo, kisha kitambaa cha kichwa, kisha mbuzi.

"Nimemwambia kwamba mmea wake unataka kuangaliwa kila asubuhi," anasema. "Hautaki. Hayalamu haitaki kuangaliwa, hata ukiisahau mwezi itakusubiri. Ni uongo wangu wa pili kwake. Huu siutubii."

Megduda anafika akihema, anapita bila salamu, anakwenda moja kwa moja kwenye jiwe lake na kuinama kukitazama kitawi, ambacho hakijabadilika tangu jana.

Dehbia anatazama saa. Siku ya moto ilikuwa dakika arobaini na moja. Jumapili, arobaini. Leo ni thelathini na sita. Moto ulitumia ishirini na nane.

"Bado nane," anasema, kisha anaikunja saa, anageukia kusini na kuvuta hewa.